Jina Nililomwombea Hamadi

Nakumbuka mchana ule Hamadi alipotokeza barazani kwangu hapa Kindu, vumbi la njia limemjaa mpaka kwenye kope, akapiga hodi kwa lafudhi ya kwetu Pangani. Mwanangu, nilibwaga jembe. Nilimkumbatia mtu yule nikalia kama mtoto, na leo ukinitajia jina lake natema mate. Usinitolee macho. Kaa hapo jamvini nikueleze, maana nimesikia una mgeni, na kesho unataka kumvusha mto ukamtembeze kwa wakwe zako, huko Alunguli. Mvushe ukipenda. Lakini kwanza unisikilize mimi mzee.

Nilikuja Manyema kijana, mpagazi katika msafara wa pembe. Msafara ukarudi pwani, mimi nikabaki, nikalima mpunga kule Mikelenge, nikaoa binti wa ng'ambo. Watu wa huku walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Ila ugenini kuna njaa moja ambayo wali hauiondoi. Hakuna hapa aliyeniona chuoni nikichapwa kwa kukosea herufi, hakuna aliyemjua mama yangu. Ukifanikiwa, nani atashuhudia kwamba ulitoka chini? Hamadi alikuwa ndiye shahidi wangu. Tulisoma chuo kimoja, tuliogelea pamoja, tuliiba madafu ya watu pamoja. Nikataka akirudi kwetu akaseme, Salehe si mpagazi tena, Salehe ni mtu mbele ya watu.

Basi nikamtembeza. Weee, nilimtembeza! Nilimwonyesha mpunga wangu, hata ile sehemu iliyoliwa na ndege nikaisifia. Nikampeleka ukingoni kuwaona wanawake wa Kigenya, wale watu wa mtoni, wakifinyanga vyungu, nikampeleka sokoni ambako wenye samaki na wenye ndizi hupigiana kelele utadhani watatoana roho, kumbe ndiyo salamu zao. Nikampandisha mtumbwi, wapiga kasia wamesimama wima wanaimba wimbo wa kunitania mimi, kwamba mwana wa bahari anauogopa mto. Hamadi alicheka mpaka akashika mbavu. Akawa anauliza. Kijiji kile cha nani? Wanaume huenda mawindoni lini? Njia hii yatokea wapi? Nami nikajibu kila swali kwa furaha, nikidhani aulizaye sana ndiye apendaye sana.

Mkwe wangu, mzee Lutumba, kijiji chake kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Lualaba. Huko ndiko kulikokuwa na ngoma. Si ya ngozi unayoicheza harusini. Ni gogo zima, limechimbwa tumbo kupitia ufa mwembamba, mdomo mmoja una sauti ya kiume na wa pili ya kike, na kwa sauti hizo mbili watu husemezana kijiji kwa kijiji. Siku zile wenye bunduki walikuwa wakizunguka kutafuta pembe na watu. Wakionekana popote, ngoma ya kwanza inalia, ya pili inapokea, na kabla hawajafika kijiji kizima kimeshaingia msituni. Wanakuta majivu na kuku. Wakwe zangu hawakuwa na kinga nyingine yoyote.

Mtu anayeaminiwa, naye hupewa jina lake la ngoma. Mimi nilikuwa nalo. Likipigwa hakuna anayekimbia. Hamadi alipofika na kukuta watoto wametoka kutupokea, kwa sababu jina langu lilikuwa limetutangulia, alishika kichwa kwa mshangao.

"Salehe, ndugu yangu," akaniambia, "na mimi niombee jina. Nikajisifie nalo Pangani."

Nikaenda kwa mkwe. Mzee Lutumba alisugua goti lake, akasema: "Mukwe, jina ya ngoma hatupe muntu wa njia. Tunapa muntu mwenye alilima na sisi, alizika na sisi. Huyu rafiki yako iko anakula, lakini macho yake haiko kwa chakula."

Mwanangu, nilikasirika! Nikaona nimefedheheshwa mbele ya mtu wa kwetu. Nikamwambia mkwe neno ambalo mkwe haambiwi: ukimkataa yeye, umenikataa mimi. Kwa desturi ya huku, neno hilo likishatamkwa mzee hana tena pa kupita. Akikataa, ni kama amedai binti yake arudi nyumbani. Alinitazama, akaondoa macho.

"Basi," akasema. "Lakini njo weye uliomba." Yaani ndiye mimi niliyeomba, si yeye.

Hamadi akapewa jina refu, kama yalivyo majina yote ya ngoma: Mgeni wa mkwe wetu, telekeni chungu. Likavuma msituni, vijiji vya jirani vikalipokea. Halafu akataka afundishwe kulipiga mwenyewe. Mpigaji akamfundisha kwa uvumilivu, wanawake wakimcheka mikono yake migumu. Shemeji yangu mdogo, Kasinga, msichana mwenye ulimi kama wembe, alikuwa akimwambia, "Weye unapiga kama mwenye anatwanga mihogo!" Mpaka akaliweza. Nami kwa wema wangu wa kijinga nikamchongeshea kigogo kidogo cha kubebeka, kiwe ukumbusho wa safari. Nikamsindikiza mpaka njia panda. Alilia akiniaga.

Hakwenda Pangani.

Alikuwa ametumwa na tajiri mmoja ambaye msafara wake ulikuwa umetua mbali kidogo. Mvua hazijaisha akarudi na watu wenye bunduki, kwa njia ya msituni niliyomwonyesha mimi, siku ambayo wanaume wengi wako mawindoni, siku niliyomtajia mimi. Walijificha karibu na kijiji, akatoa kile kigogo, akalipiga jina lake.

Habari nilizipata kwa mzee Lutumba mwenyewe. Alivuka mto akaja hapa Kindu, bega limepasuliwa, nguo zimegandamana na damu. Mke wangu Zaina akapiga ukelele. Nilimtandikia jamvi, mzee hakukaa. Alisimama uani, akasema maneno machache tu: "Mukwe, tulisikia jina. Tukapika."

Mengine nilisimuliwa na watu baadaye. Kwamba alichinjwa mbuzi. Kwamba watoto walikimbilia mdomo wa njia kumpokea mgeni, na Kasinga mbele yao.

Niliufuata msafara, nikaukuta kwenye njia ya Nyangwe. Hamadi amejinyoosha kwenye jamvi, lile lile nililompa tulipoagana. Akanikaribisha kahawa! Nilimwambia sitaki kahawa, anipe Kasinga tu, nimrudishe kwa baba yake. Akaniambia kundi lile la mateka, Kasinga akiwamo, limeshatangulia.

"Mkeo yuko salama, nyumba yako sikuigusa," akasema. "Lakini biashara haina ukwe, ndugu yangu."

Ndugu yangu, ati. Nilikuwa na panga moja na wao walikuwa na bunduki. Nikarudi.

Msikitini huniambia, mzee samehe, dunia ni mapito. Sijasamehe. Namchukia Hamadi hadi leo, na nikifa mtanizika na chuki yangu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu hili hapa, zima kabisa. Waliovunjika ni wengine.

Mzee Lutumba na waliosalia walihamia ndani zaidi msituni. Nikatafuta mbuzi na nguo, nikaenda kuwaangukia miguu. Njiani nikasikia ngoma ikinitangulia. Nilitega sikio nisikie jina langu. Halikupigwa. Nikafika kijijini kwa wakwe zangu, mwanangu, nikakuta majivu na kuku.

Nilikaa pale mpaka jua likapinduka, mbuzi nimemshika kamba. Hakutoka mtu.

Zaina hakuniacha. Alinizalia, aliniuguza homa, tulizeeka pamoja mpaka alipofariki. Lakini hakuteleka tena chungu kwa ajili ya mgeni wangu yeyote. Akisikia hodi anatoka, anakwenda kukaa nyuma ya nyumba. Wageni nikawapikia mwenyewe, wakanicheka, mwanamume gani huyu wa kukaa jikoni. Niliwaacha wacheke.

Sasa sikia, nawe una mgeni. Mpe kilicho chako: kitanda chako, wali wako, jamvi lako. Ukidhurika, umedhurika wewe. Lakini imani ambayo watu wamekuwekea si yako ukaigawe. Wakwe zako si mto wala soko, hata uwapeleke wageni wakawatazame. Mwenye mji akikuambia huyu bado, nyamaza, meza aibu yako, wala usimfunge kwa heshima anayokupa. Mwenzio nilitaka kuonekana mtu mbele ya rafiki, nikalipiwa na watoto wa wenzangu. Na ule msemo, mgeni njoo mwenyeji apone, usiutumie mbele yangu.

Haya, inuka, jua linakwenda. Mungu akuletee wageni waondokao na walichokula tu. Akuhifadhie wakwe zako na watoto wao. Na siku utakapokwenda kwao, jina lako likutangulie njiani, nao walisikie, watoke nje kukupokea. Amina.