Ndege Iliyokwenda Kiwanjani kwa Gari la Punda

Msimu uliopita nilirudi Kismayo kwa harusi ya binti wa dada yangu. Nilipotoa pasi yangu pale kiwanja cha ndege, kijana aliyekaa dirishani aliniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, Kisomali chako kizuri. Umejifunzia wapi?"

"Hapa," nikamjibu.

"Hapa wapi?"

"Hapa Kismayo. Kabla hujazaliwa."

Akatabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa, akagonga muhuri. Nikatoka nje, jua likanipiga usoni, na upande wa kushoto wa lango, pale walipopanga makontena siku hizi, nikapaona mahali ndege ya mjomba wangu ilipokaa mpaka ikafa. Nikasimama papo hapo. Dereva aliyekuja kunipokea alidhani nimeshikwa na kizunguzungu, akanikimbilia na chupa ya maji. Haikuwa kizunguzungu, ndugu yangu. Ilikuwa hasira, ileile niliyotoka nayo mji huu nikiwa msichana, na wala haikuwa imezeeka.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya soko la samaki, ua mkubwa wa mchanga, na nusu ya ua huo ilikuwa gereji ya mjomba. Asili yetu ni Chovai, katika visiwa vya Wabajuni, lakini mjomba alihamia mjini angali kijana, akajifunza injini kwa fundi mmoja wa Kitaliano, na tangu hapo kila mashine iliyokohoa Kismayo ililetwa kwetu. Nimekulia katika harufu mbili: oili iliyoungua na mkate wa mofa. Bibi, mamake mjomba, alikuwa akioka mofa alfajiri, akiibandika kwenye ukuta wa tanuri kwa mkono mtupu, na mjomba akija kula aliacha alama ya kidole cheusi kwenye kila kipande alichokigusa. Bibi alimgombeza kila siku, na kila siku akampa kipande kingine. Ndani ya ua tulisema Kibajuni chetu, mtu tukamwita mchu na kitu tukakiita kichu. Nje ya lango tulisema Kisomali. Tukichanganya shuleni, mwalimu alitutandika fimbo za vidole na kutuambia turudi tulikotoka, nasi tulikuwa tunatoka mtaa wa pili tu kutoka hapo shuleni.

Mke wa mjomba alikwenda Chovai kwa mamake kujifungua, kama ilivyokuwa desturi yetu. Uchungu ulipomshika mtoto hakutoka. Wakampakia chomboni kumleta hospitali ya Kismayo, na bahari siku hiyo ilikuwa chafu. Hakufika, wala mtoto hakufika. Wanawake waliokuwa naye walisimulia kwamba walipokuwa wakimfunika leso, ndege ilipita juu yao, chini kiasi cha kuyaona magurudumu yake, ikashika njia ya mjini.

Mjomba hakulia mbele yetu. Lakini maneno yale ya ndege aliyauliza tena na tena. Ilipita chini kiasi gani? Mlihesabu mpaka ngapi ndipo ikapotea? Arubaini ilipokwisha, akaanza kuleta mbao.

Usidhani alikuwa mwehu. Mtaani walisema hivyo, kisha wakazoea. Chovai maji yakipwa kuna ufuo mrefu wa mchanga mgumu. Watoto tulicheza mpira hapo na mpira ukadunda kama juu ya sakafu. Mjomba aliutembea ufuo huo kutoka ncha hadi ncha, akasema hapo ndege ndogo itatua. Viti viwili: kimoja chake, kingine cha mgonjwa. Ndilo alilolitaka, basi. Babake alikuwa fundi wa kuunda vyombo vya baharini, na mjomba alirithi tezo yake ya kuchongea na keekee yake ya kutobolea. Kiwiliwili akakiunda kama unavyoundwa mtumbwi mwembamba, mbavu za mbao nyepesi alizozitoa kwenye masanduku ya bandarini. Rafadha, lile panga la mbele la kukata upepo, aliichonga kwa tezo kutoka kipande kimoja cha mti, akaipiga msasa mpaka ukiishika unadhani ni mfupa. Injini ilikuwa ya kigari cha Kitaliano kilichokuwa kikiota kutu uani tangu sijazaliwa.

Mabawa yalivikwa kitambaa cha pamba, marekani. Bibi na mimi ndio tulioyashona. Tulikaa kwenye mkeka baada ya chakula cha mchana, mchuzi wa papa bado unanukia vidoleni, yeye upande huu na mimi upande ule, tukivuta uzi uliopakwa nta. Mshono ukilegea alinifumulisha. "Hii si foronya," alikuwa akisema. "Juu ya hii atalala mchu." Kisha mjomba akapaka vanishi, kitambaa kikakaza, na ukikigonga kwa kidole kikalia kama ngoma.

Siku aliyoiwasha injini humo gerejini kuku walipotea mtaa mzima. Jirani yetu, mama mmoja wa Kisomali aliyeuza chai na anjera, ile mikate yao laini ya kumimina, alikuja mbio na mwiko mkononi, akasimama mlangoni huku shungi lake likipepea kwa upepo wa rafadha, akacheka mpaka akakaa chini.

Habari zikafika kiwanjani. Afisa mmoja wa huko akaja kutazama. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, viatu vyake viking'aa. Akanywa chai, akala mofa ya bibi, akapapasa bawa. Mjomba akamweleza habari ya ufuo na ya wagonjwa, na habari ya mkewe pia, jambo ambalo sikupata kumsikia akimweleza mgeni.

"Ilete," afisa akasema. "Nani anaweza kuikataza ndege kwenye kiwanja cha ndege?"

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

Lango letu halikupitisha hata mkia. Mjomba akasimama akilitazama, ndipo yule jirani akasema, "Vunjeni upande wangu, pana njia. Ukuta ni udongo, tutaujenga tena." Wakauvunja ukuta wake na jiko lake la nje, na siku nzima ile aliuzia anjera zake chini ya mti wa watu.

Tuliondoka alfajiri, kabla upepo wa kusi haujaamka. Kiwiliwili kilipanda gari la punda, mkia mbele, kimefungwa kwa kamba za nazi. Mabawa yalibebwa na watu, bawa moja vijana wa bandarini, la pili wanawake wa mtaani na mimi miongoni mwao, mikono juu, mashungi yamefungwa viunoni. Waliotoka msikitini walisimama njiani wakatuombea dua. Wachuuzi wa maziwa waliokuwa wakiingia mjini waliwageuza ngamia wao watupishe. Tulipofika pale nyumba zinapokwisha, upepo ukatuwahi. Bawa letu likajaa kama tanga, likatunyanyua, wallahi nyayo zangu ziliacha ardhi, na bibi aliyekuwa akifuata nyuma na birika la chai akapiga kelele, "Shikeni! Hilo linajua kuruka kuliko nyinyi!" Tulicheka huku tunalilalia tumbo kwa tumbo. Mjomba alikuja mbio akalishika kwenye ncha, uso wake umelowa. Sijui kama lilikuwa jasho. Alisema, "Mmeona? Linataka."

Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote ambayo ndege ile ilipata kusafiri.

Langoni yule afisa alitupokea kwa tabasamu. Aliagiza chai iletwe. Akasema kazi ni nzuri, kazi ni ya kujivunia, ila imempasa kuomba ruhusa Mogadishu, na mpaka ruhusa ije ndege ikae nje, ubavuni mwa ghala. "Ikianguka," akasema, "nitaulizwa mimi." Lilikuwa neno la maana. Hata leo siwezi kusema halikuwa la maana. Mjomba akashukuru. Akayafunga mabawa mahali pake, akafunika injini kwa turubai lake mwenyewe, tukarudi mjini kwa miguu tukiimba.

Ruhusa haikuja. Kila asubuhi mjomba alikwenda kupangusa mchanga na mavi ya ndege wa angani, kila jioni akarudi akisema, "Labda wiki ijayo." Vanishi ikaanza kupasuka kwa jua. Kisha siku moja alirudi akakaa kwenye kizingiti cha gereji, mofa yake ikapoa.

"Injini haipo," akasema.

Ilikuwa shambani kwa yule afisa, inavuta maji ya kumwagilia migomba. Wala hakuificha. Mjomba alipomuuliza alimjibu kwa ile sauti yake pole: "Ilikuwa imekaa bure. Shukuru. Wengine wamefungwa kwa dogo kuliko hili." Na wazee wa mtaani, na wajomba wengine, na hata shehe, wote walimwambia mjomba ashukuru. Mkono usioweza kuukata, walisema, ubusu.

Bibi hakubusu. Alijifunga buibui, akachukua kisu cha kupasulia samaki, akanishika mkono. Tulitembea njia yote ile mpaka kiwanjani. Afisa alitoka kivulini akimwita mama, akimkaribisha kiti.

"Injini umekwisha kula," bibi akamwambia. "Nguo ni yangu. Nimekuja kuchukua nguo yangu."

"Mama, hiyo ni mali iliyo chini ya kiwanja."

"Nimeishona mimi na mjukuu wangu. Nitajie mshono mmoja ulioshona wewe."

Askari mmoja akasogea. Afisa akamzuia kwa mkono, huku akitabasamu, maana ajuza na kisu cha samaki kwake ilikuwa mchezo tu. Hilo tabasamu ndilo ninaloliona nikifumba macho. Bibi akapanda juu ya gogo, akachana bawa kutoka ncha hadi ubavuni. Kitambaa kikalia kama kitu chenye roho. Mimi nikakunja, nikakunja, vumbi la vanishi likiniwasha macho, na tulipomaliza ndege ilibaki mbavu tupu, kama papa aliyeliwa na kaa. Mjomba alipotuona tukiingia na mzigo ule kichwani, aliufunga mlango wa gereji kwa ndani.

Haukupita muda mrefu vita vikaja. Sitakueleza vita, kila mtu wa pwani ile anavyo vyake. Tulikimbilia kusini kwa chombo, tukapita Burgao, mpaka Kenya. Ile marekani ya mabawa aliyoichana bibi ilikuwa hema letu la kwanza kambini. Bibi alizikwa hukohuko. Mjomba alifika Mombasa, akatengeneza majenereta na majokofu ya watu mpaka mikono ilipoanza kutetemeka.

Alipofariki, chumba kilijaa watu wasiomjua vizuri, kama mazishi ya wakimbizi yalivyo. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia. Imamu, kijana mwenye nia njema, akasema marehemu alikuwa mvuvi wa Kibajuni aliyeishi kwa jasho lake baharini. Mvuvi! Mjomba aliyekuwa akitapika hata maji yakiwa yametulia kama kioo.

Nikasimama. "Hakuwa mvuvi," nikasema kwa sauti ambayo haifai matangani. "Alikuwa muundaji wa ndege."

Mwanamke mmoja akanivuta leso nikae. Upande wa wanaume nikamsikia imamu akiuliza taratibu, "Ndege gani, mama?"

Nikageuka kutafuta mtu wa kunijibia. Jirani yetu wa anjera aliuawa mwaka ule wa kwanza wa vita. Wanawake tuliobeba nao bawa wako kambini Hagadera, wako Oslo, wako chini ya mchanga. Hakuwepo hata mmoja. Mtoto wa ndugu yangu akaniuliza baadaye, simu mkononi, kama ninayo picha. Nani alikuwa na picha?

Huenda ingeanguka. Najua. Mimi si mhandisi, na mjomba hakuwa rubani. Lakini hatukupewa hata nafasi ya kuanguka. Na kwenye ile harusi, wageni waliotoka Chovai walichelewa, kwa sababu njiani iliwabidi kumpisha chomboni mwanamke mjamzito aliyezidiwa. Huyu alifika hai, alhamdulillahi. Walituhadithia kama jambo la kawaida, huku wakinawa mikono wapate kula pilau.

Watu hunambia nisamehe, yaliyopita ni kadari ya Mungu. Mungu sina ugomvi naye. Kuna mtu alichukua ndege yetu, na mimi ndege yetu bado naitaka.