Maganda ya Alizeti Kwenye Barafu

Harufu ya mbegu za alizeti zilizokaangwa kwa chumvi na viungo hunitoa chumbani hadi leo. Wenzangu kazini hudhani nina mzio, nami nawaacha wadhani hivyo, kwa sababu mzio unaelezeka kwa neno moja na hasira yangu inataka mtu akae kitako asikilize. Harufu hiyo ni ya Mwalimu Liang, aliyetufundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi mjini Guangzhou. Mfuko wa mbegu haukumtoka mkononi. Alizipasua kwa meno ya mbele huku akisahihisha madaftari yetu, na maganda akayatemea ndani ya kikombe cha karatasi, tena kwa ustadi, bila hata kuangalia kikombe kilipo. Ukipeleka daftari mezani kwake unarudi nalo lina harufu ile, na wakati mwingine lina ganda moja limejificha katikati ya kurasa. Sisi tulilichukulia ganda kama alama ya kusahihishiwa. Hatukuona ubaya wowote, maana mwalimu alikuwa mwalimu.

Mama yangu alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo aliyehamia Guangzhou miaka ile ambayo kila mtu alikuwa anakwenda Guangzhou. Tulikaa mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya kumi na moja, chumba kimoja na jiko la kusimama mtu mmoja, na nusu ya chumba ilikuwa marobota ya jinzi yanayosubiri kwenda bandari ya Huangpu kupakiwa kwenye kontena. Asubuhi Mama alifunga mtandio wake akaenda soko la jumla la Zhanxi kugombana na wauzaji, mimi nikabeba begi nikaenda shule. Baba alibaki Dar akiuza alichotuma Mama. Katika shule nzima Mwafrika alikuwa mmoja, naye ni mimi. Nilipokelewa kwa maneno ya mdomo tu. Mkuu wa shule alimwambia Mama kwamba nitakaa kwa muda, na kila muhula ukianza Mama alirudi kuomba upya, amevaa gauni lake la Idi. Aliniambia wazi kwamba siku watakayonikataa narudi Dar kwa shangazi yangu Tandika. Shangazi hakuwa na ubaya, lakini nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nina rafiki anaitwa Xiaoyan tuliyekaa naye dawati moja, na nilikuwa nimeanza kuota kwa Kichina. Sikutaka kurudi popote.

Majira ya baridi ya mwaka ule mji ulipata mashindano ya kimataifa ya kerling, timu za taifa za wanaume na za wanawake. Wenyeji wa Guangzhou hawaijui barafu ila ile ya kwenye friji, kwa hiyo wakubwa waliogopa jumba lao jipya litakuwa tupu mbele ya kamera, wakaamua kulijaza wanafunzi. Shule yetu ilichaguliwa. Wiki tatu nzima hatukusoma hesabu sawasawa, tukawa tunafundishwa kushangilia: lini kupiga makofi, lini kunyamaza, lini kupeperusha bendera. Mwalimu Liang alituchorea mchezo ubaoni. Jiwe zito la mviringo lenye mpini linasukumwa juu ya barafu kuelekea kwenye duara, na wenzake yule aliyelisukuma wanakimbia mbele yake wakiisugua barafu kwa brashi ili lisichoke njiani. Kisha alitueleza jambo ambalo alisema ndilo kubwa kuliko yote. Katika mchezo huu mchezaji hujishtaki mwenyewe. Brashi yake ikiligusa jiwe linalotembea, hata kama hakuna aliyeona, hunyanyua mkono na kusema ni mimi, na jiwe lake linaondolewa. Alitunakilisha sentensi hiyo mara kumi. Mimi niliipenda mpaka nikaibandika ukutani nyumbani, juu ya robota la jinzi, na nikamtafsiria Mama, naye akasema ni mchezo wa watu wenye adabu.

Siku yenyewe tulivalishwa makoti ya rangi moja na tukapelekwa kwa basi. Kwa mara ya kwanza Guangzhou nikaona pumzi yangu mwenyewe. Darasa letu lilikaa mstari wa mbele kabisa, juu ya kizuizi kifupi, na barafu ilikuwa chini yetu, karibu kiasi kwamba ungeweza kudondosha kalamu juu yake. Sauti ya mawe yale sijaisikia kwingine, mngurumo mzito unaokuja polepole, na wanawake wakipiga kelele za kuhimizana kwa lugha nisizozijua. Mechi ilikuwa ya wanawake, wenyeji na timu ya nchi moja ya kaskazini. Katikati ya mchezo, mgeni mmoja mwenye nywele za rangi ya mchanga alisimama ghafla, akanyanyua mkono na kuongea na wapinzani. Jiwe lake likaondolewa. Hakuna kati yetu aliyeona kosa lolote, na nadhani hata mwamuzi hakuona. Xiaoyan alinibana mkono, tukaangaliana. Mwalimu Liang, aliyekaa upande wangu wa kushoto, alitugeukia na kusema, mnaona, mnaona niliyowafundisha. Mdomoni alikuwa na mbegu.

Hakuwa na kikombe chake cha karatasi siku ile. Aliyatema maganda kiganjani akayaachia juu ya kizuizi, na nilimwona mwenyewe mara mbili akiyasukuma kwa kidole ili yadondoke upande wa pili. Dakika chache baadaye jiwe la wenyeji, jiwe zuri ambalo jumba zima lililisindikiza kwa macho, lilikuja upande wetu, likashtuka kidogo kama mtu aliyejikwaa, likapinda, likasimama mbali na duara. Mchezaji aliinama, akabandua kitu kwenye barafu kwa kucha, akakiinua. Kilikuwa kiganda kidogo cheusi chenye mistari myeupe.

Msimamizi mmoja mwenye kitambulisho shingoni alipanda kwetu akifuata maganda yaliyobaki juu ya kizuizi, na maganda yakamfikisha mstari wa mbele. Akauliza ni nani. Kabla sijaelewa alichouliza, mfuko wa mbegu ulikuwa juu ya mapaja yangu. Haukutupwa, uliwekwa taratibu, kama mama anavyomwekea mtoto sahani. Na Mwalimu Liang akamwambia yule bwana, kwa Kichina ambacho nilikielewa kila neno, kwamba mtoto huyu ni wa wageni wa Afrika, hajui taratibu, atamshughulikia shuleni. Yule bwana akanitazama. Hakuuliza swali la pili. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari, akashuka. Ndicho kinachonichoma mpaka sasa, ule wepesi wa mwalimu kuaminiwa. Watoto arobaini walikuwa pale, na zaidi ya nusu yao walijua mbegu zile ni za nani, kwa sababu walikuwa wanayaokota maganda yake kwenye madaftari yao mwaka mzima. Hakunyanyuka mkono hata mmoja. Wa Xiaoyan pia haukunyanyuka.

Siku iliyofuata Mama aliitwa shule. Alikuja na gauni la Idi. Maneno yake ya Kichina hayakuzidi ishirini na yote yalikuwa ya sokoni, bei gani, ghali mno, sitaki, laoban yaani bosi, na samahani. Ofisini Mwalimu Liang alieleza, mimi nikatakiwa kutafsiri mashtaka yangu mwenyewe. Nilitafsiri, kisha nikaongeza kwa Kiswahili, "Mama, si mimi, ni yeye huyu." Mama hakunigeukia. Akasema, "Nyamaza, Zuhura," akainamisha kichwa na kurudia lile neno la samahani mara nne au tano, huku amekunja mikono kifuani. Nilimwona mama yangu, ambaye Zhanxi wauzaji wazima walimkimbia, akimwomba radhi mwizi wa jina langu. Nilimchukia Mwalimu Liang siku ile, lakini Mama nilimchukia zaidi.

Adhabu ilikuwa ile ya kawaida ya shule za kule. Mkosaji huandika barua ya kujikosoa, mzazi huisaini, kisha huisoma mbele ya darasa na kuikabidhi kwa mwalimu. Bila barua hiyo, alisema mkuu wa shule, muhula ujao hakutakuwa na la kuzungumza. Jioni nilikaa juu ya robota nikaandika. Sikuandika kujikosoa. Niliandika kwamba mbegu zilikuwa za Mwalimu Liang, kwamba nilimwona akisukuma maganda kwa kidole, kwamba aliweka mfuko mapajani mwangu, na kwamba mtu aliyetufundisha kunyanyua mkono alishindwa kuunyanyua wa kwake. Kurasa mbili, mwandiko wangu bora kuliko wote. Nikampa Mama asaini, nikijua hawezi kusoma hata herufi moja, na nikafurahi kwa uchungu kwamba nitamsainisha ukweli bila yeye kujua. Alikuwa anafunga mizigo. Akasema niiweke mezani, atasaini baadaye. Asubuhi niliikuta imesainiwa, jina lake kamili kwa herufi kubwa, limeelemea upande kama kawaida yake.

Nilisimama mbele ya darasa. Nimesimulia kisa hiki mara nyingi na kila mara hapa ndipo nilipokuwa najipa visingizio. Mwalimu Liang alikuja akaninyoosha kola ya shati, vidole vyake vina harufu ileile, akasema kwa upole anza. Xiaoyan alikuwa anatazama dawati. Nikaifungua karatasi, nikaona sentensi yangu ya kwanza, na mdomo wangu ukasema nyingine. Barua za kujikosoa nilikuwa nimezisikia nyingi, kila mtoto wa pale anazijua kwa moyo. Mimi fulani nimekosa nidhamu, nimeiaibisha shule, nimemsikitisha mwalimu wangu, naahidi sitarudia. Niliisoma yote hewani, macho yangu yakiwa juu ya maneno mengine kabisa, na hata nikageuza ukurasa mahali pa kugeuza. Darasa likapiga makofi. Mwalimu Liang akaipokea barua, akaikunja bila kuitazama, akaitia kwenye droo ya madaftari. Kwa nini aisome, wakati ameisikia. Muhula uliofuata nilipokelewa, na uliofuata, mpaka tuliporudi nyumbani biashara ilipopungua.

Leo ninaishi Dar na Kichina kile kinanilisha. Mimi ni mkalimani. Makampuni yanaponiita, ninakaa kati ya watu wawili, mmoja ana karatasi na mwingine hawezi kuisoma, na kazi yangu ni kusema kilichoandikwa, si zaidi si pungufu. Siku hizi watoto wa Kitanzania wanasoma Kichina kwa ufadhili, wanapokelewa kwa mashada ya maua, na wale wanaoniuliza maisha ya kule zamani yalikuwaje huwaambia yalikuwa mazuri ila watu wetu walikuwa waoga. Nilikuwa na maana ya mtu mmoja. Kila nilipogombana na Mama, na tumegombana sana, juu ya ndoa yangu, juu ya kazi, juu ya mambo madogo ya jikoni, chini yake kulikuwa na lile neno la samahani alilorudia ofisini. Nilimhesabu kuwa ndiye aliyenifundisha kuinama. Niliposoma uongo mbele ya darasa, nilijiambia, ni ulimi wake uliosema.

Mwaka jana nilikuwa kwake Magomeni, televisheni ikaonyesha mchezo uleule, wanawake wanasugua barafu. Damu ikanipanda. Nikaona leo namwambia. Nikamwambia kwamba barua ile aliyosaini haikuwa ya kuomba radhi, kwamba nilimwandikia mwalimu madhambi yake yote na yeye akaweka jina lake chini bila kujua, na kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa na ujasiri kuliko mama yake. Nilisema yote. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, amekunja miguu kwenye kochi.

"Najua ilivyosema," akaniambia. "Nilishuka nayo ghorofa ya nane kwa Papa Ilunga, yule Mkongomani aliyesomea kule, akanisomea. Akaniambia, Mama, mutoto haombe musamaha hapa, anasema ni mwalimu ndiye alifanya. Unasaini ao hausaini? Nikamuomba kalamu."

Akaendelea, taratibu, macho kwenye televisheni. Mbele ya mwalimu aliinama kwa sababu hakuwa na lugha ya kugombana naye, na barua ilipokuja akaona lugha ninayo mimi. Usiku huohuo akapanga nguo zangu kwenye begi. Asubuhi hakwenda Zhanxi. Alisimama nje ya geti la shule mpaka saa nne akingoja watakaponitoa, ili nisitoke nikakosa mtu. Sikutoka. Akasikia darasa linapiga makofi, akarudi nyumbani akazipangua nguo.

"Nikasema, kumbe wamemsikiliza mwanangu. Miaka yote nawaambia watu kule Kariakoo, semeni mnavyotaka, Wachina wale wana haki, mtoto wangu aliwaambia ukweli wakampigia makofi." Akanigeukia. "Si uliisoma?"

Nikamwambia nilichosoma.

Mama aliitafuta rimoti, akazima televisheni. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Basi nilisaini bure."