Mpaka Uliohamishwa Juu ya Mlali

Siku yangu ya kwanza katika ulinzi wa misitu ya Uluguru, Mdachi mkuu wetu, tuliyemwita Bwana Misitu, alinipa panga na kunionyesha mpaka. Ulikuwa ukanda uliofyekwa mlimani, na kila kona iliwekewa rundo la mawe. Kulima au kujenga upande wa juu wa mawe, msituni, lilikuwa kosa. Nyasi zikiota tulifyeka, rundo likibomoka tulipanga upya, wala msidhani tulikuwa tukitembea kivulini.

Msimamizi wangu, Mgonza, alikuwa na kinyongo na Bibi Mwajuma, aliyeishi mlimani juu ya kijiji cha Mlali, kwa kuwa alimposa bintiye akakataliwa. Nyumba ya bibi ilikuwa chini ya mpaka, halali kabisa. Mgonza akahamisha mawe, akayapanga upande wa chini wa nyumba, kisha akampasha habari Bwana Misitu kwamba bibi amejenga ndani ya msitu.

Nilimwambia Bwana Misitu kwamba mawe yamehamishwa. Akanijibu, "Msimamizi ndiye anayejua mpaka."

Nyumba ikabomolewa. "Mwanangu, mama yangu kazikwa hapa," bibi alimwambia Mgonza. "Nihamie wapi na wajukuu hawa?" Mgonza akacheka. Bibi akahamia kwa ndugu zake, bondeni.

Masika yale mvua haikupumzika, na mlima ukameguka. Palipokuwa na nyumba pakabaki udongo mwekundu na miamba. Watu wakaanza kumsifu Mgonza. Bwana Misitu akaniita: "Ungesikilizwa wewe, leo tungekuwa tunafukua maiti." Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mgonza akaenda kwa bibi kupokea shukrani zake, nami nikafuatana naye.

"Shikamoo, bibi. Umeona nilivyokuokoa?"

"Marahaba. Ulijua mlima utaanguka?"

Mgonza akageuka kuutazama mlima.

"Basi Mungu nimeshamshukuru. Wewe nenda ukarudishe mpaka mahali pake."

Sasa nimestaafu, na wajukuu wale ni watu wazima. Nikiwaona msikitini moyo wangu hufurahi. Bado wapo wanaoniambia kwamba Mgonza alitenda wema, na siwezi kuwapinga, kwa kuwa hakuna aliyekufa pale. Ninachokumbuka ni kesho yake baada ya maneno yale ya bibi, tulivyopanda mlima mimi na yeye. Mawe ya zamani yalikuwa yamefukiwa, tukaokota mengine, tukayapanga pale pale pa awali, ingawa chini yake hapakuwa tena na nyumba ya mtu. Safari hiyo Mgonza hakucheka.