Pete Mbili za Masizi

Lori lilimshusha mgeni mbele ya lango la bluu, likaondoka na vumbi lake kabla hajamaliza kushukuru. Ilikuwa wiki ya tatu safarini. Alikuwa na mfuko mmoja begani na lugha tano kichwani, na hakuna hata moja kati ya hizo tano iliyomsaidia kujua lango lile linabishwaje. Palining'inia kamba. Akaivuta, ikabaki mkononi.

"Usijali, hiyo humkatikia kila mtu," sauti ya mwanamke ilisema kutoka ndani. "Ingia tu. Wewe ndiye wa chumba cha uani?"

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, kanga kiunoni, macho yamevimba kama ya mtu aliyetoka kukatakata vitunguu. Lakini jikoni hakukuwa na kitunguu hata kimoja. Kwenye meza alikaa kaka yake mkubwa, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akikata shuka kuukuu vipande vya mraba na kuvipanga kimoja juu ya kingine, kingo zote sawasawa.

"Huyu ni kaka yangu," mama alisema. "Mtaa mzima wanamwita Kitambaa. Jina lake la kweli nadhani hata yeye keshalisahau."

"Nalikumbuka siku ya mshahara," alisema Kitambaa bila kuinua macho. Kisha akakipangusa kijiko, akakoroga chai, akakipangusa tena.

Alikuwa fundi wa silaha katika kampuni ya ulinzi iliyo nyuma ya soko, mwaka wa thelathini na moja sasa. Walinzi wa zamu ya usiku walirudisha rivolva zao asubuhi, naye akazikagua, akazisafisha na kuzifungia kabatini. Mgeni, ambaye riziki yake ilikuwa kuandika juu ya kazi za mikono ya watu, aliomba kwenda kumtazama. Kitambaa akakubali kwa kutikisa kichwa, akaenda kulala mapema.

Ndipo mama alipoeleza yale macho. Mumewe alikuwa mlinzi katika kampuni hiyohiyo, na hiyo ilikuwa siku yake ya kumi na moja mahabusu. Alfajiri moja, kwenye lango la ghala, alimpiga mchukuzi risasi ya goti. Yeye alishikilia kwamba alifyatua mara moja tu, chini, kumtisha mtu asiyemfahamu, na risasi ikadunda kwenye zege. Mchukuzi alisema zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikwenda juu, naye akasimama na kuinua mikono. Ya pili ikampata akiwa amesimama vilevile.

"Ikiwa moja, ni ajali," mama alisema. "Ikiwa mbili, mume wangu ni mtu mwingine, simjui."

Maganda ya risasi hayakuonekana. Kiongozi wa zamu alizimwaga risasi zilizobaki sandukuni bila kuzihesabu, akairudisha rivolva ile, namba saba, kwenye sinia pamoja na nyingine, asiseme neno. Kitambaa naye akaisafisha kama alivyosafisha zote. Mpelelezi alipofika saa nne, ilikuwa inang'aa kama sufuria ya harusi.

"Wakamwambia amefuta ushahidi kusudi, amlinde shemeji yake. Kaka yangu! Mtu anayefuta kijiko kabla na baada! Akawaambia hakuangalia, mikono ilikuwa kazini na akili iko kwingine. Hawakumwamini."

"Wewe unamwamini?" mgeni aliuliza.

"Mimi namwombea asikumbuke," mama akajibu, akaokota vikombe.

Karakana ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha pana, na dirisha lilikuwa wazi. Kitambaa hakumruhusu mgeni kuingia na chupa yake ya maji.

"Humu hakuliwi, hakunywewi. Vumbi la risasi lina sumu, nalo halipigi hodi. Vaa glavu hizi. Kubwa? Basi ndiyo utajiona fundi."

Sanduku la risasi alilitoa kwanza, akalifungia chumba cha pili, akarudi. Kisha akachukua rivolva ya mazoezi iliyotumika uwanjani jana yake, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye pipa la mchanga kwenye kona. Akabonyeza kitasa, silinda ikachomoka ubavuni. Akayachungulia matundu sita moja moja, kisha akapitisha ncha ya kidole kila tundu.

"Umeona kwamba ni tupu. Kwa nini unaingiza kidole?" mgeni aliuliza.

"Macho yangu yana miaka sitini na miwani ina uzi. Kidole hakivai miwani. Haya, nawe angalia. Kwenye kazi hii mtu hamwamini mwenzake, na hakuna anayenuna."

Mgeni akaangalia. Palikuwa tupu. Chuma kilikuwa cheupe, cha aina isiyoshika kutu, lakini uso wa mbele wa silinda ulikuwa na weusi, na kando ya mtutu palikuwa na moshi uliogandamana.

"Hapa ndipo vijana wanapoharibu," Kitambaa alisema. "Anaona weusi, anachukua sufi ya chuma ile ya kusugulia masufuria, anasugua kwa hasira kama aliyemkuta mwanamume na mke wake. Masizi yanatoka, na mikwaruzo inabaki mpaka kiama. Masizi hayapigwi. Yanabembelezwa."

Alichovya kipande cha shuka katika dawa ya kusafishia, akakikamua, akakibandika kwenye uso wa silinda na kukifunga kwa mpira. Akaiacha robo saa. Wakati huo alipitisha mswaki laini wa nailoni kwenye fremu, akifuata mistari ya chuma, kamwe si kuikata. Alisema chuma hiki kinavumilia mengi, ila kile chenye rangi nyeusi ukikisugua hivi kitavuliwa koti. Alisema pia kwamba kivuli chembamba kinachobaki hakina madhara, na anayetaka kukimaliza kabisa anatafuta sifa, si usafi. Mgeni hakuwa amemsikia akisema maneno mengi namna ile tangu afike. Sauti yake ilikuwa imechangamka.

Robo saa ikaisha. Akaufungua mpira, akakibandua kitambaa taratibu na kukigeuza kwenye mwanga ili mgeni aone uchafu ulivyotoka.

Juu ya weupe wa shuka palikuwa na pete tatu nyeusi, zimejipanga kama namba tatu zinazofuatana kwenye uso wa saa. Mahali pa matundu mengine matatu palikuwa na ukungu wa kijivu tu.

"Jana walipiga risasi ngapi na hii?" mgeni aliuliza, kwa kuuliza tu.

"Tatu," Kitambaa alisema.

Akakisogeza kitambaa karibu na dirisha, akazihesabu pete kwa ncha ya kidole. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akivibandua vitambaa hivyo na kuvikunja upande mchafu ndani, kwa sababu uchafu haukuwa kitu cha kutazamwa.

Chini ya meza palikuwa na debe la bati lenye mfuniko. Vitambaa vyenye dawa hushika moto upesi, ndiyo maana vilifungiwa humo hadi mwisho wa mwezi vilipochukuliwa. Na Kitambaa, kwa vile alikuwa Kitambaa, alikuwa akibana kwenye kila kimoja karatasi yenye namba ya silaha na tarehe. Wenzake walimcheka kwa hilo. Waliuliza kama anavipeleka shule.

Alipiga magoti. Akatoa kimoja kimoja hadi akafika namba saba, tarehe ile. Hakukifungua. Kwanza alivua glavu, akavaa nyingine safi. Kisha akakikunjua mezani.

Pete zilikuwa mbili, zimekaa bega kwa bega.

"Mgeni," alisema hatimaye, "umeona ninachokiona?"

"Nimeona."

"Basi siko peke yangu. Afadhali." Akakitia kwenye bahasha. Kisha, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha, akairudia rivolva ya mazoezi, akaikausha, akaipaka tone moja la mafuta na kulifuta mpaka likabaki kama pumzi juu ya kioo, akaifungia. Akanawa mikono kwa maji baridi na sabuni, mara mbili.

Jioni ile alimwambia dada yake. Hakuzunguka. Mama alikuwa amesimama na bakuli mkononi, akaliweka chini polepole.

"Nani mwingine anajua?"

"Mgeni."

"Mgeni ataondoka kesho." Akamgeukia. "Samahani, lakini ni kweli." Kisha kwa kaka yake: "Kitie motoni. Kina dawa, kitawaka mara moja. Si ulishawaambia hujui?"

"Niliwaambia sijui, na ilikuwa kweli. Leo si kweli tena."

"Ni shemeji yako! Ndiye aliyekubeba mgongoni ulipougua. Umesahau?"

"Sijasahau. Na yule kijana wa mizigo, mdogo wangu, nani atambeba? Amesema mbili tangu siku ya kwanza, kila mtu anamwambia mwongo. Na mimi nimewasaidia kumwambia."

"Wewe hukusema kitu."

"Ndivyo nilivyowasaidia."

Mama alimpa mgongo. Aliingia chumbani, na mlango haukubamizwa. Ulifungwa taratibu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Asubuhi Kitambaa alivaa shati jeupe. Alikunywa chai amesimama, bahasha mfukoni. Chumba cha dada yake kilikuwa bado kimefungwa. Alisimama mbele ya mlango ule, akainua mkono abishe, akaushusha.

"Wanaweza kunifukuza kazi," alimwambia mgeni. "Msafishaji asiyetazama anachosafisha, wa nini? Hapo watakuwa na haki." Akavaa kofia. "Lori lako ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Kaa naye kidogo, ukiweza. Si lazima uzungumze."

Lango la bluu lilifunguka na kufungwa. Kupitia dirishani mgeni alimwona akishuka barabara, mkono juu ya mfuko wa shati, hadi akapinda kwenye kona ya soko.

Saa tatu lori lilipiga honi nje, likapiga tena, likaondoka. Mgeni alikuwa bado mezani. Mlango wa chumba ulifunguka, mama akatoka na macho makavu, akakaa kwenye kiti cha kaka yake. Mbele yake palikuwa na kikombe kitupu, na kando ya kikombe kijiko chenye chai iliyokaukia.

"Hakukifuta," alisema.

Akakichukua, akakishika kwa muda, kisha akaanza kukipangusa kwa pindo la kanga.