Uzi wa Kiuno cha Dada

Nyumbani kwetu Kilibula hatukupimwa kwa utepe. Mama, aliyewashonea nguo nusu ya mtaa, alimpima kila mtu wa nyumba kwa uzi wake mwenyewe. Aliuzungusha kiunoni, akafunga fundo pale ulipokutana, kisha akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukinenepa hukupewa uzi mpya. Alifunga fundo jingine mbele ya lile la zamani, na fundo la mwisho ndilo lililofuatwa. Ukifa, uzi wako uliwekwa ndani ya sanduku la maziko ukaenda nao.

Dada yangu hakupata sanduku. Alipanda boti pale Kalundu kwenda kuwaona wakwe zake, akamwachia mama mtoto wa mwaka mmoja, na ziwa halikumrudisha. Basi uzi wake ulibaki msumarini. Kwa miaka kumi na minne nimepita mlango ule bila kuutazama, maana nilikuwa nauogopa. Siku moja niliuona kwa pembeni ya jicho ukitikisika na upepo haupo. Ni mjusi, nilijiambia, ingawa mjusi sikumwona.

Mwaka huu mtoto yule alikuwa apokee kipaimara. Vikwembe vya mama yake, vitenge vyake vya kujifunga, tuliwagawia wanawake wa ukoo tulipomaliza matanga, kikabaki kimoja tu, cha buluu chenye maua ya njano. Msichana alikitaka kiwe jipe, sketi ya kupanuka chini, aivae siku hiyo. Picha ya mama yake hana, na sura yake haikumbuki. Mkasi nilipewa mimi, kwa kuwa macho ya mama hayaoni tena vizuri.

“Tumupime mutoto mwenyewe,” nilisema.

“Hapana,” mama alikataa. “Kikwembe iko ya mama yake, pima na uzi ya mama yake. Kiuno yao iko moja.”

Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, na ningebishana. Lakini msichana alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba, nikautoa uzi msumarini.

Nilikikunja kikwembe katikati. Uzi nao niliukunja sehemu tatu, kuanzia mwanzo hadi fundo la mwisho, nikapunguza unene wa kidole, kama mama alivyonifundisha. Ncha moja niliibana kwenye pembe ya mkunjo, ya pili nikaishika pamoja na kipande cha sabuni, nikazungusha. Sabuni ikachora kiuno. Nikapima urefu kushuka chini, nikachora na pindo, nikakata kabla sijabadili mawazo.

Sketi ilipokwisha, msichana aliivaa. Ikamteleza hadi miguuni.

Nikauchukua uzi na kuupeleka dirishani. Ulikuwa na mafundo matano. Dada aliondoka akiwa na moja tu; siku lilipofungwa nilikuwepo, nilimcheka.

“Mama, nani alifunga hii mafundo yote?”

Mama hakuona haya. “Kila mara nilikupima weye, nilimupima na yeye. Mulikuwa na mwili moja. Ningemuacha vile vile, akirudi angevaa nini?”

Miaka yote ile nilisimama mbele yake mikono juu, nikidhani ananishonea mimi, kumbe alikuwa anamkuza dada kwenye mwili wangu. Kwa hasira nikaiokota sketi sakafuni, nikaivaa. Ilinishika kiunoni barabara, kama nimepimwa asubuhi ile.

Mama aliusikia mlio wa kitambaa. Akanyoosha mkono, akapapasa pindo, akapanda taratibu mpaka akanishika kiuno kwa mikono yote miwili.

“Umekawia,” alisema, kwa sauti laini ambayo mimi sijawahi kusemeshwa nayo.

Nilitaka kusema, mama, iko miye, haiko yeye. Nikamgeukia msichana badala yake, nikamwambia asilie, hiyo jipe nitaibana kwenye mshono na kesho itamukaa vizuri.

Alikuwa ameketi sakafuni, magoti kifuani. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama kuanzia kiunoni kwenda chini, kwenye maua ya njano, na usoni kwangu hakufika.

“Usiibane, mama mudogo,” alisema. “Geuka kwanza. Nimuone.”

Nikageuka.