Kisima cha sadaka kiliziba, fundi akaleta povu, bi mkubwa akagoma

Wakuu, heshima yenu. Hapa sijatia chumvi hata punje, anayebisha aje Mbagala nimwonyeshe bomba.

Marehemu mzee wetu alichimba kisima nyumbani, akavuta bomba hadi msikiti wa jirani ili watu watawadhie. Sadaka yake ile. Sasa kikaanza kutema mchanga, mwisho kikaziba kabisa.

Bi mkubwa akakosa raha. "Thawabu za baba yenu ndo zinakatika hivyo, na nyie mpo tu mnaangalia!"

Nikamleta fundi Seif wa Chang'ombe, aliwahi kufanya kazi kwenye visima vya gesi huko kusini. Akasukuma maji kwa presha, wapi! Ardhi ya chini inayanywa yote, mchanga haupandi.

"Braza, hapa dawa ni povu. Kwenye visima vya mafuta na gesi ndo zetu."

Yaani unachanganya maji kidogo, dawa ya povu na upepo wa kompresa, unashusha kwa bomba. Povu jepesi, halipotelei ardhini, linarudi juu limebeba mchanga. Mie nilikuwaga sijui kabisa.

Bi mkubwa kusikia tu: "Sabuni? Kwenye maji ya udhu? Mnizike kwanza!"

Ikabidi Seif ampe shikamoo ya pili, akaapa dawa yenyewe ni ya visima vya maji ya kunywa, na atasafisha mpaka iishe.

Akawasha mtambo. Loh! Povu hadi uchochoroni. Akina mama wa mtaa wakaona neema hiyo, wakakokota mazulia wayafue bure. Walisugua haswa! Yalipokauka, mchanga wa kisima wote umo humo. Mama Zuhura jirani yetu kaninunia mpaka leo, na mie nikimwona nacheka.

Seif akasafisha hadi maji yakawa meupe. Akayatikisa kwenye chupa, povu hakuna.

Bi mkubwa hakutosheka. Kaangalia rangi, kanusa, kaonja. Kanusa tena. Seif jasho linamtiririka. Kisha bi mkubwa akapandisha mikono ya dera, akatawadha palepale.

Adhuhuri tumekaa barazani, tukasikia bomba za msikitini zinafunguliwa, watu wanasukutua. Bi mkubwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Msikieni baba yenu."

Wakuu, kisima kikiziba msikimbilie kuchimba kipya, ulizeni kwanza. Na mazulia acheni ndani. Nani mwingine kashaliona povu hili?