Treni Isiyongoja Kujaa

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alifanya kazi ya reli hapa Nakuru mpaka akastaafu, na sisi wote tulilelewa katika nyumba za wafanyakazi, karibu sana na stesheni hivi kwamba vikombe vilitikisika kabatini kila gari la mizigo lilipopita. Kwa hiyo nilipompeleka mama Uswisi, mwaka mmoja baada ya kumzika baba, sikutaka mtu anifundishe treni. Dada yangu alinitumia maelezo marefu kwenye simu. Sikuyasoma. Kiburi si maungwana, lakini ninacho.

Mama alitaka kitu kimoja tu katika safari ile: kushika theluji kwa mikono yake. Mimi nilitaka kuuona uso wake akiishika. Nilijinyima mengi kwa ajili ya dakika hiyo moja.

Siku mbili za kwanza tulifika kila tulikokwenda, ingawa nilichukizwa na ule ukimya wa stesheni. Hakuna anayeita abiria, hakuna anayekubebea mzigo ili akulazimishe upande gari lake. Mama aliamkua behewa zima kila tulipoingia, na watu wakageukia madirisha.

Siku ya tatu tulipanda kitreni chekundu cha kwenda mlimani. Ndani mlikuwa na watu sita. Mama aliwatazama, akavua sweta, akaliweka kwenye kiti changu.

"Hii bado sana," alisema. "Enda utuletee chai. Mimi nashika viti."

Nilimwona ana akili. Kwetu gari huondoka likijaa, na kwa abiria sita dereva huwa hata hajamaliza mandazi yake. Nikashuka na tiketi zote mbili mfukoni.

Nilikuwa kwenye kibanda cha chai, nikigombana na dada mmoja aliyenipa maji moto na kuniambia hiyo ndiyo chai, nilipoona kupitia kioo kitu chekundu kikisogea. Kitupu vile vile! Nilitoka mbio nikipiga kelele, "Shukisha! Shukisha, boss!" Nikainua mkono nipige bodi ya gari kama tufanyavyo nyumbani, nikapiga hewa.

Niliogopa, sifichi. Mama hakuwa na tiketi, simu yake ilikuwa imekataa kufanya kazi tangu tutoke Kenya, na Kiingereza chake ni cha kumwelewa daktari tu. Nililia mbele ya watu wazima waliokuwa wakinywa maji moto.

Mzee mmoja wa stesheni aliniketisha. Alinieleza kwamba treni ile hufika juu kabisa, kisha hurudi baada ya saa moja na nusu, na kwamba angewapigia simu wenzake wa huko juu. Akaniuliza mama anafananaje. Nikaanza: mama mmoja mweusi, mnene kidogo, kitambaa cha kijani kichwani. Kisha nikawatazama watu wote waliokuwa pale, nikaona neno "mweusi" peke yake lingetosha.

Saa moja na nusu ni muda mrefu kwa mtu mwenye hatia. Niliyasoma maelezo ya dada yangu yote. Mstari wa tatu ulisema treni za huko hazingoji mtu.

Ilipoingia, mama alikuwa dirishani akipiga soga na bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, huyu kwa Kiswahili, yule kwa lugha yake, na wote wawili wakicheka. Nilimkumbatia, nikamwomba msamaha, halafu nikamgombeza, yote kwa pumzi moja.

"Kwani ulidhani nimeibwa?" aliniuliza. "Yule wa tiketi amepigiwa simu, akaniletea hata biskuti. Na theluji nimeishika! Inauma vidole kama nini."

Nilifurahi, na papo hapo nikaona uchungu. Nikamwambia ukweli: nilikuwa nimekuja mbali hivyo ili nimwone akiishika, na nimekosa kwa sababu ya chai.

Mama aliacha kucheka. Alimtazama dereva, aliyekuwa akitembea kuelekea upande wa pili wa treni ili aigeuze safari, kisha akanishika mkono.

"Ingia haraka," alisema. "Wewe pia hujawahi kuishika. Sasa nataka nikuone wewe."